"Watu wako", "mwana wako": jinsi masomo ya Dominika yanavyofungana

Kalenda ya liturujia huiandika Dominika ya 24 ya Mwaka C kwa mstari mmoja: Kut 32:7-11, 13-14; Zab 51; 1 Tim 1:12-17; Lk 15:1-32 au 15:1-10. Waumini wengi huupita mstari huo kama mtu apitavyo namba ya risiti. Kisha Dominika inafika, masomo yanasomwa moja baada ya jingine, na anayetoka kanisani anakumbuka habari ya mwana mpotevu peke yake. Ndama ya dhahabu ya jangwani imeshasahaulika kabla ya matangazo. Ukimuuliza kwa nini ilisomwa, atakwambia padre ndiye aliyeichagua, au ilikuwa zamu yake tu.

Si padre aliyeichagua, na haikuwa zamu yake. Somo lile liliwekwa mbele ya Injili ile kwa makusudi, na anayejua fundo lilipo husikia katika Luka 15 jambo ambalo Luka 15 peke yake haimwambii. Tuanze na mpangilio wenyewe, halafu tuufungue mfano huo mmoja taratibu.

Mstari wa kalenda unasomwaje

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya liturujia ya tarehe 4 Desemba 1963, uliagiza hazina za Biblia zifunguliwe kwa wingi zaidi ili waamini walishwe vizuri kwenye meza ya Neno. Matunda yake ni mpangilio wa masomo uliotolewa mwaka 1969 na kuanza kutumika Dominika ya kwanza ya Majilio mwaka huohuo. Toleo la pili lilitoka 1981. Kabla ya hapo Misa ya Dominika ilikuwa na masomo mawili, yaleyale kila mwaka, na Agano la Kale lilisikika Dominika kwa nadra sana.

Sasa Dominika zina mzunguko wa miaka mitatu. Mwaka A ni wa Mathayo, B ni wa Marko, C ni wa Luka. Yohane hana mwaka wake. Husomwa zaidi Kwaresima na Pasaka, na katika Mwaka B huingia katikati kwa Dominika tano, ya 17 hadi ya 21, kwa sura ya sita juu ya mkate wa uzima. Kujua tuko mwaka gani ni hesabu ya shule ya msingi: jumlisha tarakimu za mwaka, gawanya kwa tatu. Isipobaki kitu ni Mwaka C, ikibaki 1 ni A, ikibaki 2 ni B. Kwa 2026, 2+0+2+6 ni 10, inabaki 1, basi ni Mwaka A. Mtego mmoja tu: mwaka wa liturujia huanza na Majilio, kwa hiyo Dominika za mwisho za Novemba au za Desemba tayari zinahesabiwa kwa mwaka unaofuata. Siku za juma zina mzunguko wao wa miaka miwili, wa kwanza kwa miaka ya witiri na wa pili kwa miaka ya shufwa, ila mzunguko huo unagusa somo la kwanza la kipindi cha kawaida tu, yaani majuma yaliyo nje ya Majilio, Noeli, Kwaresima na Pasaka. Injili za siku za juma ni zilezile kila mwaka.

Herufi ndogo baada ya namba, kama katika Yos 5:9a, ina maana ya sehemu ya kwanza ya aya. Alama ya mkato inaonyesha palipo na aya zilizorukwa, na ni vizuri kuzisoma hizo zilizorukwa ukiwa nyumbani, maana mara nyingine ndipo mashiko ya habari yalipo.

Zaburi ndizo huwachanganya watu zaidi. Hesabu ya Kiebrania na ile ya tafsiri ya kale ya Kigiriki, ambayo Kilatini iliifuata, hupishana kwa namba moja kwa sehemu kubwa ya kitabu. Ndiyo maana Zaburi ya "Bwana ndiye mchungaji wangu" ni ya 23 kwenye Biblia yako lakini ya 22 kwenye kitabu cha zamani cha sala. Aya nazo hupishana. Kichwa cha Zaburi 51, kinachomtaja Daudi na nabii Nathani, katika baadhi ya Biblia kinahesabiwa kuwa aya ya 1 na ya 2, na katika nyingine hakihesabiwi kabisa. Kalenda ikisema 51:3-4 na wewe ukaona maneno hayaanzi na "Ee Mungu, unirehemu", rudi nyuma aya mbili.

Halafu angalia Biblia yenyewe. Biblia ya Kikatoliki ina vitabu 73, yaani 46 vya Agano la Kale na 27 vya Agano Jipya. Ile ya vitabu 66 inayouzwa kila duka la vitabu haina Tobiti, Yuditi, Hekima, Yoshua bin Sira, Baruku wala Wamakabayo, na pia baadhi ya sehemu za Esta na Danieli hazimo. Mtu atahangaika kumtafuta Yoshua bin Sira siku ya Familia Takatifu na kudhani kalenda imekosea. Kabla ya kulipa, fungua ukurasa wa yaliyomo umtafute Tobiti. Akiwepo, nunua.

Somo gani linaitikia jingine

Kanuni ya kipindi cha kawaida ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Injili ndiyo inayotangulia katika mpangilio, ingawa husomwa mwisho. Somo la kwanza limetafutwa ili lifanane nayo, liwe ahadi yake, au lipingane nayo. Zaburi inaitikia somo la kwanza, na kiitikio chake mara nyingi kinatega sikio kuelekea Injili. Somo la pili halihusiki. Ni barua ya mtume inayosomwa kwa mfululizo Dominika hadi Dominika, ikirukaruka aya hapa na pale, na likifanana na Injili basi limekutana nayo njiani.

Kutojua hili ndiko kunakozaa tafakari zilizofinyangwa kwa nguvu, ambapo mwalimu wa jumuiya anahangaika dakika kumi kumuunganisha Timoteo na kondoo aliyepotea. Dominika hii ya 24, kwa bahati, anapata: Paulo anasema Kristo alikuja ulimwenguni kuwaokoa wenye dhambi, na kwamba yeye ndiye wa kwanza wao. Lakini Dominika inayofuata barua hiyohiyo inaendelea na kuwaombea wafalme na wenye mamlaka wakati Injili ni ya wakili dhalimu, na atakayetafuta kamba ya kuziunganisha ataisuka mwenyewe.

Kanuni hubadilika kwa vipindi. Wakati wa Pasaka somo la kwanza halitoki Agano la Kale, hutoka Matendo ya Mitume. Wakati wa Kwaresima somo la kwanza hufuata historia ya wokovu hatua kwa hatua, lina safari yake, na si lazima lishikane na Injili. Hapo barua ya mtume ndiyo huchaguliwa ili kuyaunganisha kadiri inavyowezekana. Tutalihitaji hili baadaye.

Ndama wawili

Sasa Dominika ya 24 yenyewe. Anza na Injili. Biblia nyingi zina kichwa cha habari "Mwana mpotevu", na kichwa hicho si Maandiko. Kimewekwa na wachapishaji. Madhara yake ni kwamba msomaji husimama aya ya 24, baba akishamkumbatia mtoto, na kuzisoma aya nane zilizobaki kama nyongeza. Luka hakuandika hivyo. Aya mbili za kwanza za sura zinasema mfano huu uliambiwa nani: Mafarisayo na waandishi walionung'unika kwamba Yesu "huwakaribisha wenye dhambi, tena hula nao". Wasikilizaji ni kaka wakubwa. Kwa hiyo mwana mkubwa ndiye shabaha ya habari nzima, na mdogo ni njia ya kufikia kwake.

Tazama hesabu ya mali. Aya ya 12 inasema baba aliwagawia, wote wawili. Kwa sheria ya Kumbukumbu la Torati 21:17 mzaliwa wa kwanza hupata mafungu mawili. Wana wakiwa wawili, mali hukatwa mara tatu: mdogo moja, mkubwa mbili. Mdogo amelila lake. Kila kilichobaki shambani, pamoja na yule ndama aliyenona, kiko katika fungu la mkubwa. Baba anapomwambia "vyote nilivyo navyo ni vyako", hambembelezi; anasema jambo la kisheria. Ndama wa sherehe amechinjwa kutoka kwenye urithi wa mtu ambaye hakuulizwa, na ambaye alijua habari kwa kumuuliza mtumishi. Yeyote aliyewahi kukaa kikao cha mirathi ataona kwamba hasira ya kaka huyu ina hoja.

Kisha sikiliza anavyosema. Mdogo, pamoja na uharibifu wake wote, anaanza kila neno na "Baba". Mkubwa hasemi "Baba" hata mara moja. Anasema "nimekutumikia miaka mingapi hii", na kitenzi cha Kigiriki hapo ni cha kazi ya mtumwa. Mdogo alipanga njiani kuomba kazi ya kibarua nyumbani kwao. Baba akamkatiza kabla hajalifikia ombi hilo, linganisha aya ya 19 na ya 21 uone sentensi iliyokosekana. Wote wawili, basi, walikuwa wakimhesabu baba kama mwajiri. Mmoja alipoteza kazi, mwingine alikuwa bado kazini.

Na halafu linakuja neno lenyewe. Aya ya 30: "huyu mwana wako". Hasemi ndugu yangu. Aya ya 32, baba anamrudishia: "huyu ndugu yako".

Shika maneno hayo mawili uende kwenye somo la kwanza. Musa yuko mlimani, watu wako chini wanaicheza ndama ya dhahabu, na Mungu anamwambia: "Shuka, kwa maana watu wako uliowatoa katika nchi ya Misri wamejiharibu." Watu wako, uliowatoa wewe. Kila nyumba inaijua lugha hii. Mtoto akifaulu ni mwanangu. Akirudishwa kutoka shule na barua ya mwalimu mkuu, ni mwanao. Musa anajibu aya ya 11, na anarudisha kiwakilishi kilekile: kwa nini hasira zako ziwake juu ya watu *wako*, uliowaleta *wewe*? Mwishoni, aya ya 14, msimulizi anafunga habari kwa kusema Bwana aliughairi ule uovu aliosema atawatenda watu *wake*. Mvutano mzima wa sura ile umebebwa na neno "wako", na umekwisha pale Mungu alipoitikia kuwa ni wake.

Ndilo fundo. Waliopanga masomo hawakutafuta habari nyingine ya mtu aliyetubu. Katika aya hizo za Kutoka hakuna aliyetubu bado. Wametuwekea Musa mbele ya mwana mkubwa. Aya ya 10 Mungu anampa Musa nafasi ambayo mwana mkubwa angeiona haki: hawa waangamie, nami nitakufanya wewe uwe taifa kuu. Urithi wote kwako. Musa anaukataa na kusimama katikati kuwaombea watu ambao saa hiyo wameshamsahau. Mwana mkubwa, ambaye hapotezi tena hata shilingi kwa kurudi kwa nduguye zaidi ya ndama mmoja, anasimama nje ya mlango. Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Musa alikubali kula na wa kwake, huyu amekataa hata karamu.

Na ndama yuko pande zote mbili. Kwa Kiswahili tunamsikia mara mbili katika Misa moja, na kwa Kigiriki cha Agano la Kale na cha Luka neno ni lilelile. Sidhani ni busara kusema Luka alikusudia hivyo. Lakini anayesikiliza anaruhusiwa kuona kwamba mmoja alitengenezwa ili Mungu abadilishwe, mwingine alichinjwa ili mtoto akaribishwe.

Zaburi ya 51 inaingia hapo kama toba ambayo Waisraeli hawakuisema, na kiitikio chake kimechukuliwa moja kwa moja kwa Luka: "Nitaondoka, nitakwenda kwa baba yangu." Kwaya ikikibadilisha kiitikio hicho kwa wimbo mwingine wa toba kwa sababu tuni yake ni nzuri, inakata kamba iliyofungwa kati ya somo na Injili. Hilo hutokea mara nyingi kuliko inavyopaswa.

Swali moja huulizwa kila somo hili linaposomwa: je, Mungu hubadili nia? Kanisa linafundisha kwamba Mungu hageuki. Maandiko husema habari zake kwa namna ya wanadamu, kama yanavyosema anakumbuka au anashuka. Angalia mpangilio wa maneno yake kwa Musa: anamwambia "niache", naye yuko peke yake na Musa mlimani. Asiyetaka kuombwa hamwambii mtu atakayemwomba. Katekisimu, namba 2577, inaeleza kwamba Musa anapata nguvu ya kuombea kutokana na ukaribu wake na Mungu, ambaye ni mpole na mwingi wa huruma. Ombi la Musa, basi, halikumlazimisha Mungu kupenda. Lilitoka katika upendo huo.

Huruma yenyewe, kwa Luka, ni neno la tumboni. Kitenzi alichotumia aya ya 20, "akamwonea huruma", asili yake ni matumbo, na Luka anakitumia mara tatu tu: kwa Yesu mbele ya mjane wa Naini (7:13), kwa Msamaria njiani (10:33), na kwa baba huyu. Kiswahili kina "uchungu wa mwana" na kinajua unakaa wapi mwilini. Kinachofuata ni mbio. Mzee mwenye shamba na watumishi hakimbii. Akionekana anakimbia watu huuliza nini kinaungua. Na hakusema "asiyesikia la mkuu huvunjika guu", ingawa kama kuna mtu aliyestahili kuambiwa methali hiyo ni yule kijana aliyetamani maganda ya nguruwe.

Mfano uleule, mwenzi mwingine

Dominika ya nne ya Kwaresima ya Mwaka C, ile ya Furaha, inasoma mfano huohuo (Lk 15:1-3, 11-32) lakini somo la kwanza ni Yoshua 5:9a, 10-12. Waisraeli wamevuka Yordani, wamepiga kambi Gilgali. Mungu anamwambia Yoshua kwamba siku hiyo ameivingirisha aibu ya Misri itoke juu yao. Wanaadhimisha Pasaka, wanakula mazao ya nchi, na siku inayofuata mana inakoma.

Hapa usilazimishe. Yoshua yuko pale kwa sababu ya safari ya Kwaresima ya Mwaka C: maungamo ya imani ya Kumbukumbu la Torati 26, agano na Abrahamu, kijiti kiwakacho moto, kuingia nchi ya ahadi, kisha Isaya 43 na jambo jipya. Hata hivyo masikio hubadilika. Dominika ya 24 uliusikia mfano kutokea mlangoni, kwa mwana mkubwa. Leo unausikia kutokea mezani: aibu imeondolewa, watu wamefika kwao, chakula cha njaa kimekoma. Vazi, pete na viatu vinavutia zaidi kuliko mgogoro wa urithi. Na barua, 2 Wakorintho 5:17-21, safari hii imechaguliwa makusudi: kiumbe kipya, na ombi la Paulo "mpatanishwe na Mungu". Mwalimu anayetoa tafakari moja kwa Dominika hizi mbili amepoteza moja kati ya hizo.

Wiki ya maandalizi, dakika ishirini kwa siku

Anayeandaa masomo peke yake hahitaji vitabu vingi. Makosa ya kwanza huwa kuanza na somo la kwanza kwa kuwa limeandikwa kwanza, kukwama kwenye majina ya miji, na kuacha. Anza Jumatano na Injili. Isome mara mbili kwa sauti, kidogo tu ya kusikika chumbani; macho huruka maneno ambayo ulimi hauwezi kuyaruka. Alhamisi soma la kwanza, ukilitafutia neno, kitu au kiwakilishi kinachojirudia kwenye Injili. Ijumaa zaburi. Jumamosi soma barua kama barua, ikibidi rudi aya kumi nyuma ujue mtume alikuwa anaongea nini. Vitabu vya ufafanuzi na tafakari za kwenye simu vije baada ya hapo, si kabla, la sivyo utayasikia mawazo ya mtu mwingine kila utakapofungua ukurasa.

Wamonaki wa zamani waliita hatua ya pili ya kusali na Maandiko kucheua, kama ng'ombe. Guigo wa Pili, mmonaki wa shirika la Wakartusi wa karne ya 12, alizipanga ngazi nne: kusoma hutia chakula kinywani, kutafakari hukitafuna, kusali hupata ladha yake, na kutazama kwa utulivu ni utamu wenyewe. Mtu akisema amesali na Neno kwa dakika tano kabla ya kupanda daladala, amefika ngazi ya kwanza, na si vibaya, lakini abebe aya moja ya kucheua njiani. Usipopata aya iliyokugusa, chukua iliyokuudhi. Katika Luka 15, kwa waumini walio waaminifu miaka mingi, aya inayoudhi huwa ni ya 30 au ya 32, na ndiyo yenye kazi zaidi.

Jihadhari na aya zilizong'olewa. Yeremia 29:11, mawazo ya amani wala si ya mabaya, hubandikwa ukutani bila aya ya 10 inayowaambia wahamishwa wa Babeli wangoje miaka sabini. Aliyepoteza kazi akipewa aya ya 11 peke yake ataona Mungu amechelewa baada ya miezi mitatu. Akipewa zote mbili atajua upendo huo uliahidiwa watu walioambiwa kwanza wajenge nyumba na kupanda bustani ugenini.

Jumuiyani

Maaskofu wa Afrika Mashariki kupitia AMECEA, shirikisho lao, walizipa jumuiya ndogo ndogo kipaumbele tangu miaka ya 1970, na jumuiya nyingi zinatumia hatua saba za kushirikishana Injili zilizoandaliwa Taasisi ya Lumko nchini Afrika Kusini, walikofanya kazi Fritz Lobinger na Oswald Hirmer. Hatua zenyewe: kumwalika Bwana kwa sala fupi, kusoma Injili, kila mtu kutaja neno au fungu fupi lililomgusa, likirudiwa mara tatu kwa vituo, kimya, kushirikishana tulichosikia moyoni, kujadili kazi tuliyoitiwa, kusali kwa maneno yetu. Saa moja inatosha kama watu ni kati ya wanane na kumi na watano. Wakizidi, gawanyikeni.

Hatua mbili huvunjika karibu kila mahali. Ya kwanza ni kimya. Kinatakiwa kiwe cha dakika tatu hadi tano, na kiongozi aseme mapema muda wake, maana asiposema mtu ataanzisha wimbo sekunde ya thelathini akidhani kiongozi amesahau. Saa ya ukutani au ya simu iwe mbele ya kiongozi peke yake. Bila kimya hicho, hatua inayofuata inajaa maneno yaliyokuwa tayari vinywani kabla watu hawajafika.

Ya pili ni kushirikishana. Kanuni yake ni nafsi ya kwanza umoja. Anayesema "mimi nimesikia" anashirikisha; anayesema "sisi Wakristo wa siku hizi" ameanza kuhubiri; anayesema "kuna watu humu ndani" ameanza kusema watu. Luka 15 ni hatari hasa hapa, kwa sababu kila jumuiya ina mwana mdogo anayejulikana kwa jina, na mara nyingi mama yake amekaa kwenye kiti kile pale. Kiongozi mzuri hukatiza kwa upole kwa kumrudisha msemaji kwenye aya: umelisikia neno gani? Hakuna kujibizana wala kusahihishana katika hatua hii, na yanayosemwa hayatoki nje ya geti. Asiyejua kusoma hana hasara. Neno alilolisikia likisomwa ndilo alitaje, na mara nyingi ndiye aliyesikiliza kuliko wote.

Hatua ya sita nayo ina ugonjwa wake: hugeuka kuwa zamu ya mhazini. Michango ya ujenzi na ya misiba ina umuhimu wake, ila isubiri sala ya mwisho. Kazi inayotoka kwenye Injili iwe ndogo, iwe na jina la mtu na siku. "Tuwapende waliopotea" haitekelezeki. "Fulani na fulani waende Alhamisi jioni kwa yule aliyeacha kuja baada ya ugomvi wa mchango, bila kumuuliza habari ya mchango" inatekelezeka, na Jumamosi inayofuata inaulizwa kabla ya mengine yote.

Mwaka 2025, ingawa ulikuwa Mwaka C, Dominika ya 24 haikusikika, kwa sababu tarehe 14 Septemba iliangukia Dominika na Sikukuu ya Kutukuka kwa Msalaba ikachukua nafasi yake. Kutoka 32 na Luka 15 zitakutana tena Dominika tarehe 17 Septemba 2028, na Yoshua 5 kabla yake, tarehe 26 Machi mwaka huohuo. Asiyetaka kungoja ana Jumamosi ya juma la pili la Kwaresima, kila mwaka bila kukosa, ambapo mwana mdogo hurudi nyumbani akiwa na mwenzi wa tatu, nabii Mika 7:14-15, 18-20, na dhambi zilizotupwa katika vilindi vya bahari. Mwana mkubwa yupo Jumamosi hiyo pia, bado nje, baba yake akimsihi, na Luka haandiki kama aliingia.